Ncha Nne za Kanga

Asubuhi ile Waride alipoagiza robo ya sukari, Hemedy mwenye duka aliipima kwa mkono mmoja, na wa pili ukafungua daftari la madeni kwa mazoea tu. Alikwisha kuupata ukurasa wa Waride, ulioandikwa Mama Salwa kwa jina la bintiye, na kuishika kalamu alipoinua macho akakuta noti imelala juu ya meza. Akaitazama noti, akamtazama mwenyewe, akauliza ni ya nini. Waride akasema ni ya sukari. Hemedy akaigeuzageuza kwenye mwanga, akarudisha chenji, na kabla ya adhuhuri Bungu nzima, kuanzia vibanda vya barabarani mpaka nyuma ya msikiti, ilikuwa na habari kwamba Waride amenunua sukari kwa fedha taslimu.

Tusilaumiwe kwa kushangaa. Tulimjua Waride kwa mambo mawili: wali wake wa nazi, uliosimamisha mabasi ya Lindi, na madeni yake. Alidaiwa mchele, alidaiwa mafuta, alidaiwa hata mkaa uliokwisha kuwa majivu. Alikuwa na mikopo ya simu iliyolishana yenyewe kwa yenyewe. Abiria akimrushia fedha ya sahani ya wali, simu inalia, na kabla hajausoma ujumbe, mkopo umekwisha kuimeza. Alikuwa pia na ule mkopo tunaouita kausha damu, ambao marejesho yake hufuatwa mlangoni kila Jumatatu. Mumewe Mahamudu alikwenda Nyamisati kununua samaki, akaoa huko huko, na tangu hapo alileta salamu tu.

Lakini deni kubwa, lililoyazaa mengine, lilitokana na furaha. Kwetu mwali hatolewi unyagoni kwa kunong'ona, na Salwa alikuwa binti wa pekee. Siku ya kumtoa, wageni walitoka mpaka Ngorongo, wakapikiwa, wakavishwa sare, ngoma ikakesha na kukesha tena. Mashoga waliingia uwanjani kumtunza mama wa mwali, huyu na beseni, huyu na doti ya kanga, huyu na noti za kubandika kifuani. Warda, shoga yake wa toka utoto, aliwafunika wote: aliingia na godoro zima kichwani, akilicheza uwanja mzima mpaka wapiga ngoma wakasimama kwa heshima yake. Na desturi yetu inajulikana. Tunzo si zawadi. Anayetunzwa leo atatunza kesho, tena kwa nyongeza juu.

Fedha ya shughuli ile ilitoka kwa Abbasi, mfanyabiashara wa korosho. Waride alimwekea rehani shamba la mikorosho aliloachiwa na mama yake, marehemu Bi Biasha, akapewa laki saba. Masharti yalisemwa mbele ya mashahidi: Abbasi avune kila msimu, na mavuno yale yasihesabiwe kwenye deni, mpaka laki saba zirudi kwa mkupuo. Na msimu wa tatu, bibo la kwanza, tunda la mkorosho, likidondoka deni halijalipwa, shamba ni la Abbasi moja kwa moja. Waride alitia sahihi ngoma ikiwa tayari inalia masikioni mwake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini nani anayewaza matanga ngoma ikikolea?

Misimu miwili aliziona korosho za mama yake zikipakiwa kwenye magunia ya mtu mwingine. Aliumia, lakini maumivu ya namna ile mtu huyazoea, akayaita majaliwa, akaenda kukopa mafuta ya kula.

Kilichomwamsha hakikuwa korosho. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, watu wakisafisha makaburi ya wazee wao kabla ya Ramadhani, naye akachukua jembe kwenda kumpalilia mama yake, aliyezikwa humo humo shambani. Kwenye kijia alimkuta Mzee Kheri, mlinzi wa Abbasi, mtu aliyelibeba jeneza la Bi Biasha kwa bega lake. Mzee Kheri aliitikia shikamoo, akatazama chini.

"Mwanangu, tajiri kasema asiingie mtu bila ruhusa yake," alisema. "Nenda kamwombe. Mimi nitakungoja hapa hapa."

Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali, Waride angepata wa kugombana naye. Alisimama na jembe lake begani, akiliona kaburi kule ndani likiwa limezama kwenye magugu, na aibu ikamshika. Wakati ule aliogopa kuchekwa kwa ngoma ndogo. Sasa alikuwa anaomba ruhusa ya kumpalilia mama yake mzazi. Hakwenda kwa Abbasi. Alirudi nyumbani akalia mpaka akachoka, kisha akanawa uso.

Alasiri ile alitandika kanga mkekani na kuiangalia. Wanawake wa kwetu tangu zamani hufunga fedha kwenye ncha ya kanga, fundo moja, humo humo ya chumvi na ya msiba. Waride aliona kuwa kanga ina ncha nne. Ya kwanza akaifanya ya mtaji, ya pili ya tumbo, ya tatu ya shule ya Salwa. Ya nne ilikuwa ya madeni, kuanzia dogo mpaka la Abbasi. Akajiwekea sharti moja tu: fundo lisikope kwa fundo. Toka siku hiyo ile kanga haikumtoka kiunoni, ndani ya gauni, na Salwa alimtania kwamba anatembea kama mtu aliyeficha mayai.

Sharti lenyewe lilikuwa jepesi kulisema. Wiki ya kwanza ncha ya tumbo ilifunguka Alhamisi ikiwa tupu, na ya mtaji imenona pale pembeni. Waride aliishika, akaiachia. Walikula muhogo kwa kisamvu mpaka wiki ilipogeuka. Wiki ya pili fedha ya tumbo ilifika Ijumaa. Baadaye ikaanza kufika mwisho, na siku moja ikabaki fedha ya samaki mmoja, wakamla kwa shangwe kama wako kwenye Idi.

Kwenye kibanda chake cha wali aliandika kwa mkaa kwenye ubao: TASLIMU TU. Makondakta walinuna, wakahamia kwa majirani, kisha wakarudi na noti zao mkononi, maana kinyongo hakishibishi. Mchele akaacha kuuchukua kwa Hemedy. Alifunga safari mpaka Chumbi, akamwendea mkulima mmoja, Ismaily, na kumwonyesha fedha. Alirudi na gunia kwa bei iliyomfanya akae chini na kufikiri. Kumbe miaka yote alikuwa ananunua mchele, na juu yake ananunua subira ya Hemedy.

Mikopo ya simu ilikufa ya kwanza, likafuata deni la Hemedy. Kisha ikaja Jumatatu ambayo yule dada wa kausha damu alikabidhiwa rejesho la mwisho, akabaki kasimama mlangoni hajui aage vipi. Waride alimpa maji ya kunywa. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuulala tangu ngoma ya Salwa, na alipoamka alijikuta anaimba. Sisi tulimwita mkono wa birika. Tulisema masikini akipata. Hatukujua tuseme nini kingine juu ya mtu asiyekopa.

Mikorosho ilikuwa imekwisha kuchanua Warda alipotangaza ngoma ya Amal, binti yake.

Godoro lilipaswa kurudi, tena na nyongeza. Fundo la nne lilikuwa limejaa kiganja, likikaribia laki saba, na likifunguliwa kwa ajili ya uwanja, lisingejaa tena kabla ya mabibo. Waride alikwenda dukani kwa Hemedy kulitazama godoro tu, kama mtu anavyotazama mgonjwa. Hemedy alimwona kabla hajabisha hodi. Alikwisha kulifungua daftari, anatabasamu, anamwambia achukue tu, Mama Salwa, wao wataandikiana. Mkono wa Waride ulilipapasa lile godoro, lilikuwa jipya na laini, na Warda alikuwa Warda. Kisha akamshukuru Hemedy, akatoka mikono mitupu.

Siku ya ngoma alioga, akajipaka liwa, akavaa vizuri. Uwanja ulipomtaka aliingia na noti moja ya elfu mbili, iliyotoka kwenye ncha ya tumbo. Ngoma haikusimama, lakini ilipungua, na mwimbishaji hakumkawiza: "Tulipeleka godoro, limerudi karatasi!" Wanawake wakaitikia, wakacheka, tukacheka wote, tena kwa raha. Waride alicheza. Aliucheza uwanja wote kama Warda alivyoucheza ule wake, machozi yakichanganyika na jasho, na alipofika mbele ya shoga yake alibandika ile noti na kumwinamia sikioni.

"Hii ni yangu, shoga. Si ya mtu."

Warda aligeuza uso. Tangu siku hiyo akimwona Waride upande huu wa barabara, yeye anavuka.

Jambo hilo lilimuuma kuliko kausha damu, na hakulificha. Alimwambia Salwa waziwazi kwamba Warda alikuwa kama dada yake, na amempoteza. Lakini fundo halikufunguliwa.

Likafunguliwa Ijumaa moja baada ya sala, kibarazani kwa Abbasi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wale wale. Abbasi aliwakaribisha kwa kahawa. Akasema haraka ya nini, wao ni ndugu, msimu uko mlangoni, si wangeachia mavuno yapite kwanza? Waride aliishika ncha ya nne. Lile fundo lilikuwa limekazwa kwa miezi, vidole havikuliweza, akalifungua kwa meno. Noti zikamwagika mkekani, za elfu, za elfu mbili, za elfu tano, zimekunjika na kunuka moshi wa kibandani. Abbasi aliuliza kama asingeweza kumrushia kwenye simu.

"Simu yangu haina kitu. Fedha ni hizi," alisema Waride. "Hesabu, Bwana Abbasi. Hesabu taratibu, leo mimi sina haraka."

Alihesabu mpaka kahawa ikapoa, akakosea, akaanza upya, na hatukuwahi kuona mtu akichoshwa vile na fedha. Zilitimia. Mkataba ulichanwa, mwenyekiti akashuhudia. Waride alitoka akiwa ameishika kanga yake mkononi, akafika katikati ya barabara kuu, na hapo furaha ikamzidi nguvu. Alipiga kigelegele peke yake, kirefu, mchana kweupe, mpaka basi la Lindi likapunguza mwendo na kumwitikia kwa honi. Salwa akakipokea kutoka kibandani, majirani nao wakakipokea, na hata sisi tuliocheka uwanjani tulipiga, tena kwa haki, maana ushindi kama ule mtu hauonei wivu.

Kesho yake asubuhi alikwenda shambani na jembe, ile kanga sasa ameifunga juu ya gauni. Mzee Kheri alikuwa kwenye kijia. Alinyanyuka, akafungua kinywa, na Waride akamwahi.

"Leo nimeingia kwangu, baba."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Kheri, akaanza kukunja mkeka wake. "Basi kibarua changu kimeota nyasi kuliko hilo kaburi." Wakacheka wote wawili, na mzee akashika njia.

Waride alianza kupalilia upande wa kichwani. Magugu yalikuwa na mizizi ya misimu miwili. Alikuwa amefika nusu aliposikia jembe la pili likipiga upande wa miguuni, akainua macho. Alikuwa Warda, amejifunga kibwebwe, hatazami mtu. Walilima hivyo bila salamu, udongo ukigeuka, mpaka majembe yao yakakaribia kugongana.

"Godoro lako nalikumbuka," Waride alisema mwishowe. "Nikivuna, nitalileta."

Warda aliegemea mpini, akapangusa jasho.

"Usilete haraka," alisema. "Nisipokudai, nitakuja kwako kwa lipi?"

Bibo lilidondoka nyuma yao, la kwanza la msimu, jekundu, na korosho yake bado imening'inia. Waride aliliokota, akanyofoa korosho na kuiweka juu ya kaburi, akalipasua bibo kwa vidole na kumpa shoga yake nusu. Maji yake yalimchuruzika mkononi mpaka kwenye ncha ya nne ya kanga, ile ya madeni, na doa la bibo, kila mtu wa kwetu anajua, halitoki. Aliliona likienea. Akaendelea kula.