Shangazi Apewa Kiti

Boksi la vitabu lilifika kituoni Ijumaa saa nne asubuhi. Mfuatiliaji wa sokwe alilifungua kwa wembe, akachukua nakala moja, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa shukrani. Daktari, mwandishi wa kitabu, alimshukuru mama yake, mpiga picha, na mbwa wa jirani. Mfuatiliaji akausoma tena, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Katika kitabu cha kwanza alikuwa "msaidizi wa kienyeji". Cha pili, "timu yetu". Humu hakuwemo kabisa.

Kwa miaka kumi na tisa alifika msituni kabla sokwe hawajatoka viotani. Kila dakika tano aliandika: nani kala nini, nani kamtoa nani chawa. Daktari alikuja miezi miwili kwa mwaka, mwezi mmoja akiugua mafua. Ni mfuatiliaji aliyempa jike mzee jina Shangazi, na ndiye aliyemwona akimfundisha yatima kuvunja kokwa kwa jiwe. Kitabu kizima kilikuwa cha kokwa hizo.

"Si mgongo wako umo kwenye picha?" mkewe alimwambia.

"Mgongo hauna jina."

"Basi kula, baba watoto. Wivu utakutoboa utumbo."

Jumatatu Shangazi aliingia ofisini, akafuta miguu mlangoni, akaketi kwenye kiti cha Daktari. Aliusoma ukurasa wa shukrani mara mbili. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina la mfuatiliaji juu ya lile la mbwa, kwa mwandiko uliolalia kushoto. Mfuatiliaji, aliyesimama mlangoni na daftari lake, aliandika saa. Angalau mmoja ameona.

Daktari akaja na kikombe cha chai.

"Ameanza kuandika saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi na mbili."

"Umenukuu?"

"Nimenukuu."

"Safi sana, mzee wangu. Lete daftari." Akamgeukia sokwe. "Na wewe, Shangazi, hebu tuongee kidogo."

Mlango ukafungwa. Mfuatiliaji alibaki koridoni, akisikiliza vijiko vikigonga vikombe.

Makala ya sokwe anayeandika ilitoka baada ya miezi minne. Waandishi walikuwa wawili: Daktari na Shangazi.

"Sasa unamwonea wivu nani," mkewe aliuliza, "Daktari au sokwe?"

"Wote. Sokwe zaidi. Yeye alikuwa ananijua."

Siku hizi Shangazi ana meza karibu na dirisha. Mfuatiliaji huwafuata waliobaki, na jioni humpelekea daftari. Jana Shangazi alinyoosha mkono, akamtoa jani kwenye nywele, polepole, kama wanavyofanyiana ndugu. Kisha akasaini daftari, akalitia kwenye droo ya Daktari, akamwonyesha mlango kwa kidole.

Mfuatiliaji akatoka, akaurudishia taratibu, asije akamkatiza kazi.