Spika Isiyokataa

Risiva, ile mashine inayoendesha spika, ilizimika tena, tii, mpelelezi wa kwenye filamu kafungua mdomo tu. Sebule ikanyamaza. Mzee akashika mikono ya kiti chake ajiinue.

"Basi, wanangu. Mtanisimulia kesho."

Mwanawe, waliyemwita Kipaza kwa mdomo wake usio na swichi, alijua maana ya hilo "mtanisimulia". Masikio ya mzee yalikuwa yameanza kumkimbia, na spika zote hizi zilinunuliwa ili asijifungie chumbani kila jioni. Akiinuka leo, kumrudisha itakuwa kazi.

"Baba, kaa kwanza! Mkweo yuko kazini."

Kweli, mke wa Kipaza, fundi wa lifti, alikuwa keshachomoa waya ukutani na kulala kifudifudi nyuma ya kabati, simu yenye tochi kaibana kwa kidevu. Kipaza alipenda kumtazama hivyo. Mwenyewe, dawa yake kwa kila mashine ilikuwa kofi. Mkewe haguswi na haraka ya mtu.

"Nani kaweka risiva kwenye omu nane?"

"Mimi. Nane si kubwa kuliko nne? Nimeiongezea nguvu."

"Na viatu unanunua hivyo hivyo?"

Akazifungua nyaya za spika moja, akagusisha mita yake ya kupimia umeme.

"Tatu na nusu. Hii ni spika ya omu nne."

"Tatu na nusu ndiyo nne? Tumepunjwa!"

"Mita inaipima ikiwa imelala, baba watoto. Ikianza kuimba, inapanda."

"Anasemaje?" mzee akauliza kwa sauti ya uwanjani.

Mkwewe akatoa kichwa nyuma ya kabati, akamgeuzia uso ili mzee amsome midomo. "Omu ni ukaidi, baba! Spika ya omu nyingi ni mgeni anayesema asante, nimeshiba. Hii yetu haikatai. Inavuta umeme mpaka risiva inachemka, inajizima isiungue. Na mwanao kaiambia wageni wote wameshiba!"

"Hii spika na mwanangu ni ndugu," mzee akasema, akimtazama Kipaza tumboni.

Kipaza akacheka, ila jambo moja lilimsumbua. "Tukiweka nne itakuwaje?"

"Risiva itajibana. Nguvu itapungua kidogo."

"Mzee atasikia?"

Mkewe hakumpa jibu la kumfurahisha. Hasemi asichokijua, huyo. "Tujaribu."

Akarudisha nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akachomeka umeme, akabana vitufe viwili huku akiwasha, nane ikageuka nne. Kisha akaongeza sauti ya spika ya kati peke yake. "Maneno ya watu yanapita hapa. Magari na mabomu yabaki yalipo."

Filamu ikaendelea. Akapandisha sauti taratibu, kiganja juu ya mgongo wa risiva kama mama anayepima homa ya mtoto. Ikafika pale ilipokuwa ikizimikia. Kipaza akafumba macho. Ikapita.

"Ee! Punguzeni!" mzee akafoka. "Huyo mwanamke wa filamu anaongea utadhani yumo mfukoni mwangu!"

Kipaza akarukia rimoti, mkewe akaiwahi, akapunguza mpaka mzee akainua kidole.

"Hapo hapo. Na wewe Kipaza, nyamaza, kuna watu wanazungumza."

Kipaza akanyamaza. Filamu hakuiona, alikuwa akimtazama mkewe anavyojifuta vumbi viwikoni.