Wimbo wa Kupokezana

Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na robo alasiri. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha bila upepo, ile mvua isiyomlowesha mtu bali humtia unyevu tu, na ndani ya klabu zilikuwa zimewashwa taa mbili: moja juu ya kaunta, nyingine juu ya mitambo. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, miguu yake ikitazama dari. Juu ya sakafu iliyopigwa deki asubuhi na iliyokuwa bado inanuka sabuni, mwanamume mmoja aliyevaa shati lililonyooshwa pasi hadi kwenye vifungo vya mikono alikuwa akitembea. Alitoka mlangoni, akafika kaunta, akageuka, akarudi mlangoni, akaanza upya.

Alikuwa akichagua nyimbo.

Watu wote walimwita Kiranja. Jina hilo alilipata katika shule ya bweni, ambako alikuwa kiranja kweli, tena wa kuogopwa, na lilimganda hata baada ya mvi za kwanza kuchomoza. Yeye ndiye aliyefungua muziki katika klabu ile: kuanzia saa kumi na mbili jioni, milango inapofunguliwa, hadi saa mbili, dijei mkuu anapopanda. Kazi ya kufungua hudharauliwa na wengi. Huiona ni kumtandikia mwingine kitanda. Kiranja hakuwahi kuiona hivyo. Kwake, kufungua ni kukichukua chumba chenye baridi na viti vitupu, ukakifanya mahali ambapo mtu akishaingia hatamani kutoka. Na kazi hiyo itendeke pasi na mtu kuisikia. Dijei wa kufungua akisifiwa, alikuwa akisema, ujue amekosea.

Kwa hiyo alikuwa na kanuni. Mwanzoni pasiwe na sauti ya binadamu, kwa sababu sauti ya binadamu humwita mtu asikilize, na mtu anayeingia hakuja kusikiliza. Anatafuta kwanza mahali pa kuweka mkoba. Halafu zije sauti zisizo na maneno, mivumo na viitikio vya mbali. Maneno yafuate baadaye, ukumbi ukishatulia. Na wimbo wa mwisho, ule wa kumpokeza dijei mkuu, uwe ngoma tupu iliyonyooka, ili mwenzako aingize wimbo wake juu yake bila kujikwaa. Kanuni hiyo ya mwisho ilikuwa amri ya dijei mkuu mwenyewe, aliyeitwa Jemadari, lakini Kiranja aliitii kana kwamba ameiandika kwa mkono wake.

Tena nyimbo hakuzichagua kwa masikio peke yake. Alizitembea. Wimbo unaomfikisha mtu kaunta bila yeye kujua kwamba ametembea, huo ndio wa kufungulia. Ukimharakisha, mpe Jemadari. Ukimsimamisha njiani, hauna nafasi kabisa, kwa sababu anayesimama karibu na mlango huwasimamisha walio nyuma yake, na ukumbi uliokwama mlangoni haujai.

Akaubonyeza wimbo mwingine. Kinanda kikaanza kudondoka polepole, tone baada ya tone, kama maji yanayoingia kwenye pipa ambalo bado halijajaa, na chini yake besi ikapumua kama mtu aliyelala chumba cha pili. Kiranja akatembea. Ukumbi ukaanza kulegea. Kuta zikasogea nyuma kidogo, kwa adabu. Vioo vilivyo nyuma ya kaunta vikachukua mwanga wa taa moja na kuugawa mara nyingi. Harufu ya sabuni ikawa harufu ya mahali fulani pa zamani ambapo hakupakumbuka vizuri. Alipojitambua, kiganja chake kilikuwa kimegusa ubao wa kaunta. Hakujua amefikaje. Akautenga wimbo huo pamoja na wateule.

"Kiranja," bawabu akaita kutoka mlangoni. "Kuna mama hapa anasema wewe ni mtoto wake. Anasema nisipomfungulia atanitandika."

"Sikusema nitamtandika," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yake. "Nimemuuliza kama wazazi wake walimfundisha kumwacha mtu mzima kwenye mvua."

"Mfungulie," Kiranja akasema. "Anatandika kweli."

Akaingia shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa cha kichwa kwa mkazo wa mtu anayekwenda kazini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona mnakaa gizani kama popo?"

Shangazi huyu alikuwa mwimbaji. Ujanani mwake aliimba na bendi ya ukumbini, akarekodi nayo wimbo mmoja, na kabla wimbo huo haujapigwa ukumbini bendi ikapata safari ndefu ya kwenda kupiga muziki nchi za nje. Wiki ileile ya kuondoka, kaka yake alifariki, akaacha mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza amekubaliwa shule ya bweni. Bendi iliondoka na mwimbaji mwingine. Shangazi alikaa mbele ya cherehani na kushona nguo za watu mpaka mvulana yule akamaliza shule. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, si kwa hasira wala kwa utani. Mvulana naye, aliyekuwa hasahau hata kosa dogo la mwenzake kuchelewa gwaride, hakulisahau. Alilibeba kama mtu anavyobeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni: kwa mwendo wa uangalifu, bila kutikisa, bila kupata nafasi ya kuitua.

Shangazi akafungua pochi, akatoa flashi ndogo iliyoviringishwa kwenye leso.

"Ule wimbo wangu," akasema. "Fundi mmoja kauhamisha kutoka kwenye tepu. Sijaja kudai kitu, usikunje uso. Nataka kujua jambo moja tu. Wimbo huu haujapigwa ukumbini hata siku moja. Watu wangeinuka au wangekaa? Nimekula chumvi nyingi, nimejua mengi, hilo silijui."

"Shangazi, unajua sipigi nyimbo za ndugu."

"Najua. Binamu yako alikuletea wa kwake ukamwambia ana sauti ya muuza nyanya."

"Sikusema nyanya."

"Ulisema nini?"

"Vitunguu."

Bawabu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Kiranja akaichukua flashi.

Wimbo ulianza bila chombo chochote. Ilikuwa sauti tupu ya msichana, peke yake, karibu mno, kana kwamba mwenye sauti amesimama nyuma ya bega la msikilizaji na hajaamua kama amguse. Sauti ilikwenda hivyo kwa muda mrefu, ndipo ngoma zikaja. Kiranja alikuwa ametoka mlangoni kama kawaida yake. Hakwenda mbali, miguu ikasimama. Akarudi, akaanza tena. Ikasimama palepale.

"Unasimamisha miguu," akasema. Hakuwa mtu wa kupaka neno asali. "Nikiuweka pale mwanzoni, watu watakwama mlangoni. Ni wimbo mzuri, shangazi, lakini hautembei."

"Basi," shangazi akasema. "Nimeuliza, umejibu. Mvua ikikatika nitaondoka."

Akashusha kiti kimoja, akakaa, akafumba macho.

Kiranja akarudi kwenye kazi yake, lakini kazi ilikuwa imemkataa. Kila wimbo alioutembea ulimfikisha kaunta kama mzigo unavyofikishwa. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa kazini: akashusha kiti cha pili, akakaa, akaubonyeza tena wimbo wa shangazi.

Sauti ikaja. Safari hii haikuwa nyuma ya bega. Ilikuwa ndani ya ukumbi wote, kama mwanga wa asubuhi unavyokuwa ndani ya bweni kabla kengele haijapigwa, wakati wavulana wote bado wamelala na hakuna aliyekosea lolote. Aliona vitanda vimepangwa mistari. Aliona pazia likijaa hewa na kupungua. Aliona mwanamke kijana amekaa mbele ya cherehani katika chumba asichowahi kukiona, akishona kitambaa kisicho na mwisho, na kitambaa hicho kikitiririka sakafuni, kikipita chini ya mlango, kikienda zake. Ngoma zikaingia kwa upole. Alipozinduka, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono imening'inia, na kiti chake kilikuwa mbali nyuma yake. Hakukumbuka kuinuka. Pale mlangoni bawabu alikuwa amefungua mwavuli ndani ya nyumba na kusahau kuufunga.

Hapo Kiranja akalijua kosa lake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amezipima nyimbo kwa miguu ya mtu anayeingia. Wimbo huu haukuwa wa mtu anayeingia. Ulikuwa wa mtu aliyekwisha kaa. Na katika saa zake zote mbili, watu huwa wamekaa wakati mmoja tu wa hakika: mwishoni, pale penye ngoma tupu, pale pa Jemadari.

Shangazi alikuwa amekwenda kunawa uso. Kiranja akampigia simu Jemadari. Upande wa pili ulisikika mlio wa mashine ya kinyozi.

"Kiranja. Kuna nini tena, dari imevuja?"

"Leo nitakupokeza wimbo wenye sauti ya mtu. Unaanza na sauti tupu, na unaishia na sauti tupu."

Mashine ya kinyozi ikazimwa. "Rudia."

Akarudia.

"Wimbo wa nani?"

"Wa shangazi yangu."

Jemadari akacheka kwa muda mrefu. "Wewe? Wewe uliyemtoa binamu yako machozi?"

"Mimi."

"Sikiliza, ndugu yangu. Mimi hupanda juu ya ngoma. Nikikuta sauti ya mtu mahali pa ngoma, kesho usinifungulie. Kesho wala mwezi ujao. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo sababu nimekupigia mapema."

"Sasa kama unanijua, kwa nini ujitie kitanzi?"

"Ninadaiwa," Kiranja akasema, akakata simu.

Shangazi aliporudi, Kiranja alimwambia tu abaki, asikilize kidogo, na akae pembeni asije akakanyagwa.

Milango ilifunguliwa saa kumi na mbili. Watu wakaingia wakitikisa miavuli, na kinanda kile kikawapokea, tone baada ya tone, wakafika kaunta bila kujua wamefikaje. Kiranja hakuwatazama nyuso, aliwatazama miguu. Sauti za mbali zikaja wakati mabega yalipokuwa yameshuka, maneno yakaja wakati glasi zilipokuwa zimepungua. Kwa nusu saa nzima hakuna aliyemtazama, naye alijua kazi inakwenda vizuri. Taa za buluu zilipita juu ya meza kama kivuli cha wingu juu ya maji. Kule pembeni shangazi alikuwa na soda yake, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Ilipokaribia saa mbili Jemadari akapanda jukwaani, kichwa kimenyolewa upya, hedifoni shingoni, akasimama kando yake bila salamu. Kiranja akaishusha ngoma mpaka ikatoweka.

Kimya. Halafu sauti ya msichana.

Mazungumzo yakakatika meza moja baada ya nyingine. Mtu mmoja akasema spika zimeharibika, mwenzake akamwambia anyamaze. Sauti ikaenda peke yake, polepole, haina haraka na mtu, na ukumbi ukawa kama chumba ambamo mgonjwa amepata usingizi. Ngoma zilipoingia, mwanamke aliyekaa mbele akaweka glasi chini, akainuka akiwa bado anaitazama glasi. Wa meza yake wakamfuata. Meza za mbele zote zikasimama, si kwa kishindo, bali kama majani yanavyonyanyuka mvua ikipita. Mzee mmoja akacheza na koti lake, amelishika mabega. Meza za nyuma hazikusimama. Pale kaunta hakuna hata aliyegeuka.

Wimbo ukaishia ulipoanzia, kwenye sauti tupu, na baada ya sauti hakukuwa na kitu cha kukanyaga. Jemadari akabonyeza wa kwake. Ukaingia kama mlango unaopigwa teke. Alijikwaa mbele ya ukumbi mzima, naye hakuwa mtu wa kujikwaa.

"Kesho usije," akasema bila kumtazama.

"Nimeelewa."

Kiranja akamsaidia kusawazisha besi, kwa sababu hilo lilikuwa bado ndani ya zamu yake. Kisha akakunja nyaya zake, akazitia begini, akashuka.

Alimkuta shangazi nje, chini ya upenu.

"Umeona?" akamuuliza.

"Nimeona. Wa mbele wameinuka, wa nyuma wamekaa."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Yule mwenye koti alikuwa amelewa."

"Alikuwa anakunywa maji, shangazi."

Shangazi akalifikiria hilo. "Basi amecheza kweli." Akavuta kitambaa chake cha kichwa, akalitazama begi lake. "Mbona umebeba kila kitu? Nyaya zako huwa unaziacha ndani."

"Sirudi tena."

"Kwa ajili ya wimbo wangu?"

"Kwa ajili ya deni langu. Jemadari alinionya mchana. Nilichagua mwenyewe."

"Ungeniambia, ningekukataza."

"Ndiyo sababu sikukwambia."

Gari likapita, likamwaga mwanga kwenye ukuta, likaondoka nao.

"Sikukusomesha ili unilipe," akasema.

"Najua. Lakini nilikuwa nadaiwa, na leo nimelipa."

Alitarajia kukemewa, alikuwa tayari. Shangazi akamtazama tangu viatu hadi usoni, kama anavyokagua nguo aliyomaliza kuishona kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

"Haya," akasema. "Nimepokea. Sikudai tena."