Nusu Maji katika Rejeta ya Cressida

Alfajiri ya Jumatano moja ya Januari 2009, nje kukiwa nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri, sindano ya joto ya Toyota Cressida ya mwaka 1987 ilipanda hadi kwenye alama nyekundu huku hita ikipuliza hewa baridi. Gari lilikuwa bado kwenye Barabara ya Don Mills, jijini Toronto.

Madatali, mwenye gari, aliegesha kando na kuzima injini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, na zaidi ya nusu ya maisha yake aliuza spea Tanga. Kila alfajiri aliwachukua majirani wawili kutoka maghorofa ya Flemingdon Park na kuwapeleka jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, wakati ambapo kusubiri basi kwenye baridi si jambo la wazee. Mbele alikaa Almina, mfamasia mstaafu kutoka Morogoro. Nyuma alikaa Roshanali, aliyewahi kuwa fundi cherehani, ambaye alisikia alichotaka kusikia.

"Injini inachemka na miguu yangu inaganda," alisema Almina. "Hayo mawili hayakai pamoja, Madatali bhai."

"Pampu."

"Hujaitazama."

"Nimeuza pampu wewe hujajua hata gia ni nini."

"Tumefika?" aliuliza Roshanali.

Asif, mtoto wa Madatali, alikuja kuwachukua. Ilikuwa mara ya pili tangu mwaka uanze. Gari lilivutwa hadi kwenye gereji ya nyumba yake Richmond Hill, kaskazini mwa jiji, yenye joto, na hapo Asif akatoa msimamo wake kwa Kiingereza, kama kawaida yake: Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja kulichukua, na baba angehamia chumba cha juu. Watu watatu wa umri ule wasingekwama tena barabarani kwenye baridi ile.

Madatali alimjibu kwa Kiswahili. "Na jamatkhana?"

Asif alisema angempeleka Ijumaa jioni, na siku nyingine akipata nafasi.

Kwa Madatali maana yake ilikuwa wazi. Angekuwa mtu wa kusubiri kupelekwa.

Madatali alibaki pale kwa Asif, na kufikia jioni alikuwa ameifungua pampu. Ilikuwa nzima. Siku ya pili Almina alimwomba Asif amlete, akaingia gerejini bila kuvua koti.

"Umetia nini kwenye rejeta?"

"Dawa ya kuzuia kuganda. Tupu. Hakuna tone la maji humo."

Hilo lilikuwa na historia. Majira ya baridi ya kwanza Toronto, Madatali aliongeza maji ya bomba kwenye rejeta, kama alivyofanya Tanga maisha yake yote. Maji yaliganda, yakapasua injini ya gari lake la kwanza. Tangu siku hiyo hakuruhusu maji yakaribie gari. Cressida ilitumia dawa tupu miaka yote bila tatizo, na kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Miaka yote hiyo ililala wapi?" aliuliza Almina.

"Chini ya jengo."

"Na sasa?"

Madatali alionyesha nje kwa kidevu. Tangu mwaka mpya maegesho ya chini yalikuwa yamefungwa ili zege likarabatiwe, na magari yote yalilala nje.

Walipogombana walitumia Kiswahili. Kikachi, lugha ya wazazi wao, walikiweka kwa ajili ya adabu.

"Dawa hiyo ikiwa tupu huganda karibu nyuzi kumi na tatu chini ya sifuri," alisema Almina. "Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, inafika thelathini na saba. Jana ilikuwa ishirini na tatu. Rejeta yako iliziba kwa dawa iliyoganda kama uji, ndiyo maana injini ilichemka na hita ikakosa joto."

"Maji yaganda, dawa haigandi, halafu ukitia maji ndiyo haigandi zaidi? Almina bai, hiyo ni sayansi au mazingaombwe?"

"Ni sayansi."

"Kama nusu inafaa, nzima inafaa zaidi."

"Kwa hesabu hiyo wateja wangu wangemeza chupa nzima ya vidonge wapone haraka."

"Wangepumzika kabisa," alisema Roshanali, aliyekuja naye kwa ajili ya chai.

Almina hakuendelea kubishana. Aliosha mitungi miwili ya achari. Katika mmoja alitia dawa iliyotolewa kwenye rejeta, katika mwingine dawa hiyohiyo pamoja na maji ya kipimo sawa. Aliifunga, kwa kuwa dawa ile ni tamu na ni sumu, akaiweka nyuma ya nyumba kando ya kipimajoto.

Asubuhi kipimajoto kilionyesha nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Madatali alitoka mwenyewe akiwa na kandambili na soksi. Aliinamisha mtungi wa nusu kwa nusu, kilichomo kilitiririka. Aliinamisha wa pili. Ndani mlikuwa na fuwele nzito, kama samli iliyokaa jikoni asubuhi ya baridi, na hazikusogea. Aliuinamisha mara nyingine. Kisha akaingia ndani akavaa viatu.

"Asif. Twende dukani."

Walimpitia Almina, na dukani yeye akachukua chupa ya dawa ya rangi ya chungwa, ya bei ya juu kuliko zote, iliyoandikwa kwamba hudumu miaka mitano.

"Rudisha," alisema Madatali. "Hiyo imetengenezwa kwa rejeta za alumini. Yangu ni ya shaba, imelehemiwa kwa risasi. Inahitaji aina ya zamani, yenye kinga ya silikati. Aina mpya itakula maungio."

"Kwa hiyo ya kijani," alisema Asif.

"Rangi ni rangi tu, hata juisi wanaitia. Geuza chupa usome nyuma."

Asif alichukua ya kijani, akaigeuza, akasoma. Almina alisoma baada yake, akairudisha ya chungwa kwenye rafu.

"Na maji yawe yaliyochujwa kwa mvuke, kama ya betri," Madatali aliongeza. "Tanga nimeona rejeta zimejaa chokaa ya maji ya kisima mpaka hupitishi sindano."

"Hapo hatubishani," alisema Almina.

Jumamosi walimwaga dawa ya zamani iliyobaki kwenye beseni, wakarudisha pampu, wakasafisha mfumo kwa maji safi mpaka yakatoka meupe. Almina alianza kuchanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo. Madatali alimzuia. Maji ya kusafishia hayatoki yote. Mengine hubaki ndani ya injini. Alitia kwanza dawa tupu, kiasi cha nusu ya ujazo wa mfumo mzima, kisha akajaza maji. Waliwasha injini ikapata joto, wakapima kwa kipimo chenye vipira vinavyoelea. Kilionyesha kwamba mchanganyiko ungeganda kwa nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri.

"Umekosa moja," alisema Madatali.

"Nitaivumilia."

Usiku ule Cressida ililala nje, uani kwa Asif.

Jumapili alfajiri kulikuwa na nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Injini iliwaka mara ya kwanza. Madatali aliteremka hadi Flemingdon Park, Asif akimfuata kwa gari lake. Almina alipanda mbele na kuweka mkono kwenye tundu la hita.

"Moto," alisema.

"Punguzeni," alisema Roshanali kutoka nyuma. "Mnanioka."

Kwenye Barabara ya Don Mills sindano ilikuwa katikati, na mbele ya jamatkhana ilikuwa palepale. Madatali alizima injini, akatia ufunguo mfukoni, akaingia na wenzake.

Asif alibaki garini mwake. Alimpigia mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwa kuwa hakupokea, alimwachia ujumbe kwamba Jumatatu asije.