Chumvi ya Mbuzi

Mtu akikuambia anaitwa Thembo, huku kwetu Bwera huna haja ya kumuuliza amezaliwa wa ngapi. Wakonzo huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: mwana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Mtoto akifa, zamu yake haifutwi. Anayemfuata huchukua jina linalofuata, hata kama yeye ndiye pekee aliye hai. Mimi si Mkonzo, ni mke wa Badiru, dereva wa lori la samaki, na desturi hiyo niliiona nzuri mpaka nilipomjua Kabugho.

Kabugho alikuwa ameolewa na Thembo mmoja, askari jeshi. Kambi yake ilikuwa mbali, likizo zake nadra, kwa hiyo mkewe alikaa kwa mama mkwe, jirani yangu. Yule mama sote tulimwita Mukaka, yaani bibi. Kabugho alikuwa amezaa mara mbili. Baluku hakufikisha mwezi. Bwambale hakufikisha hata wiki. Wote walizaliwa wadogo, ngozi imelegea kama ya wazee, na mwaka ule Wahindi walipofukuzwa na sabuni ikapotea madukani, Kabugho akawa na tumbo la tatu.

Nilikuwa nikiuza samaki wakavu ambao Badiru aliwaleta kutoka ziwani Kasenyi. Siku moja sokoni nikamwona Kabugho akishuka mlimani na mzigo wa kuni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, tumbo mbele, kuni nyuma. Midomo yake ilikuwa myeupe. Wanawake wenzangu walimtazama wakaendelea kupanga nyanya zao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Kabugho, tua hizo kuni. Njoo ule samaki."

"Hapana, Mama Aminah. Mama mukwe anakataza. Samaki na mayai inanenepesha mutoto. Atashindwa kutoka."

"Na kuni je?"

"Anasema mwanamuke akikaa tu, mutoto naye analala mu tumbo."

Mimi si mtu wa kumeza maneno, Badiru atakuambia. Nilifunga biashara nikaenda moja kwa moja kwa Mukaka. Nilimkuta uani amechuchumaa, mbuzi wake akilamba chumvi ya Katwe kwenye kiganja chake. Kando alikuwa amemkatia majani ya viazi, mabichi kabisa.

"Pole pole, Mama Aminah, usimushitue," akaniambia. "Iko na mimba."

Nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba Kabugho anakauka, kwamba hata mkunga wa zahanati anasema mwenye mimba ale vizuri na apumzike. Mukaka alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapangusa mkono wake kwenye kitenge.

"Ule mukunga hajazaa," akasema. "Mimi nilikuwa na binti, Masika. Nilimulisha vizuri, kwa sababu nilimupenda. Mayai, maziwa, nyama. Mutoto akakuwa mukubwa sana, akakataa kutoka. Tulimubeba na machela kutoka kule juu, akafia mu njia. Nilimuzika na mutoto ndani. Siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimekuja kugombana na bibi mchoyo, nikamkuta mama aliyefiwa. Nilirudi nyumbani nimenywea.

Hata hivyo sikumwacha Kabugho afe njaa. Kila alipopita sokoni nilimwingiza nyuma ya magunia yangu, akala samaki na uji wa mtama, akalala kidogo kwenye mkeka huku Aminah wangu akipeleka zile kuni. Haikupita muda akaanza kucheka. Aliniambia mtoto amejifunza kupiga mateke, na siku moja akaushika mkono wangu akauweka pale, nikamsikia. Nilifurahi mno, kana kwamba tumbo ni langu.

Kisha Mukaka akanusa samaki kwenye vidole vya Kabugho.

Nilimngoja Kabugho sokoni, hakuja. Nilipomkuta kisimani alikuwa akitazama chini.

"Alikupiga?" nikauliza.

"Angenipiga ningekula tu. Amenipigia magoti, Mama Aminah. Mama mukwe wangu amepiga magoti mbele yangu akilia, anasema hataki kunizika kama Masika. Mimi nitafanya nini?"

Mkwe kumpigia magoti mkaza mwana, jambo hilo hakuna aliyewahi kuliona Bwera. Nilijua pale pale kwamba nimeshindwa. Kabugho alijitwika mtungi wake akaondoka, akaendelea kula kile alichoruhusiwa, muhogo na mboga za kuchemsha tu, na kubeba kile alichoagizwa.

Uzazi ulikuwa mwepesi, kama Mukaka alivyoahidi. Alitoka nje mikono juu, akacheka na kila mtu. "Ametoka kama ndizi ndani ya ganda! Mama yake muzima!" Akinamama wakapiga vigelegele. Mimi niliingia ndani nikamfunua mtoto. Alikuwa wa kiume. Miguu yake ilikuwa na unene wa vidole vyangu, na mama alipompa titi alilishika mdomoni akachoka, akaliacha. Akajaribu tena, akachoka. Kabugho alinitazama. Tulikuwa tumekwisha kuyaona haya mara mbili.

Masereka aliondoka kabla kitovu chake hakijadondoka.

Kwenye mazishi watu walijaa. Huku kwetu ukifiwa huachwi peke yako: huyu alileta sanda, huyu ndizi, huyu kahawa, na vijana wakachimba kaburi bila kuombwa. Nilikaa nikavitazama vile vitu vilivyopangwa ukutani na hasira ikanipanda. Kijiji hiki kilikuwa kimemchangia Kabugho mara tatu, na mara zote tatu ni baada ya kifo. Mtoto alipokuwa bado tumboni, hakuna aliyechanga hata yai. Husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi huyu alilelewa miezi yote kwa kuni na muhogo, halafu tukashangaa hakukua.

Na uani mbuzi wa Mukaka alikuwa amezaa mapacha. Walikuwa wakirukaruka kati ya waombolezaji, wanene, wanang'aa.

Nikasema. Badiru alinivuta mkono lakini nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

"Mukaka, mbuzi wako alipokuwa na mimba ulimpa chumvi ya Katwe kwa mkono wako. Ulimkatia majani ya viazi. Ulikataza hata asishituliwe. Kabugho ulimpa nini?"

Mzee mmoja alinikemea, akasema huyu mchuuzi wa samaki hana adabu, na kweli mahali pale hapakuwa pa maneno hayo. Sijutii. Mukaka aliwatazama wale mapacha, akawatazama, mpaka mtu akaja kumwinua twende kaburini.

Mwaka ukaisha bila yeye kunisalimia. Kisha asubuhi moja alisimama mbele ya meza yangu ya samaki, bakuli mkononi.

"Kabugho iko na mimba," akasema. "Nipatie samaki. Ile mukubwa."

Nilimpa. Tangu siku hiyo alikuja mwenyewe, na kuni akazibeba mwenyewe, mgongo wake ule wa uzee, akiteremka kwa kuegemea fimbo. Wanawake wa sokoni walimcheka kwamba amegeuka kijakazi wa mkaza mwana. Yeye hakugeuka hata kuwatazama. Baadaye wawili kati yao wakaanza kumtumia Kabugho mayai, kwa aibu nadhani.

Uchungu ulipomshika Kabugho, ulikuwa mrefu. Mkunga wa zahanati alikuwa ndani, mimi na Mukaka mlangoni. Kila Kabugho alipopiga kelele, Mukaka alisema, "Masika, Masika." Nilimshika, kwa sababu nami niliogopa. Nilijua kama mambo yangeharibika, samaki ni wangu.

Mtoto akalia. Alilia kwa sauti ya kugombana, nami nikalia naye. Mkunga alitoka na kusema mama mzima, mtoto wa kiume, njooni mpokee.

Walimwita Kule, wa nne. Vigelegele vilikuwa vingi mpaka kuku wakakimbia. Mkunga akamweka mtoto mikononi mwa Mukaka. Mikono ya bibi ikashuka kidogo, kwa kuwa hakuutarajia ule uzito. Akampima tena, juu na chini, taratibu. Kicheko kikamfutika usoni.

"Kumbe iko hivi," akasema. "Kumbe hata Baluku angekuwa hivi. Na Bwambale. Na Masereka."

Kabugho alinyoosha mikono kutoka kitandani akamchukua mtoto wake, akampa titi, naye akanyonya.