Kioo cha Mtumba

Kugonga kulisikika kabla mkoba haujafunguliwa: mara tatu, kimya, mara tatu tena. Fundi wa kompyuta alizima redio, akasogeza kikombe chake, akamwambia mteja aiweke mashine mezani polepole, maana kuna mtu ndani.

“Ni dada yangu,” alisema mteja, mshonaji wa kiwanda cha nguo.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Wiki iliyopita aliletewa kompyuta iliyokuwa ikidondosha mvua ya kweli. Akauliza kioo cha mashine kimevunjikaje.

Mshonaji alieleza kwa sauti ya chini, macho mlangoni. Msimamizi wake kiwandani alimkuta anaandika malalamiko wakati wa mapumziko, akapita na kiwiko, mashine ikaanguka. Akaomba radhi mara mbili, jambo lisilo kawaida yake. Kisha akasema mafundi wa ofisi wataitengeneza bure, ila kwanza watafuta kila kitu, ndio utaratibu. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuikabidhi: asipofika na mashine, hapati zamu. Kioo kikiwa kizima, labda msimamizi angekosa kisingizio cha kuichukua.

“Rahisi ghali,” fundi alisema, “na cha bure ndicho ghali kabisa.”

Akamweleza kwamba vitu vyake havikai kwenye kioo. Kioo ni dirisha tu. Kipya kingekula mshahara wake wa mwezi, lakini alikuwa na mashine ya aina ileile iliyoungua ndani, kioo chake kizima. Alilinganisha namba za nyuma, zikapatana. Hakuuliza nywila. Alifungua skrubu za chini, akachomoa diski nyembamba kama kidole cha mtoto, akamwekea kiganjani.

“Ishike mwenyewe. Ikipotea, usinitafute mimi.”

Mshonaji alikaa kwenye stuli, ngumi imefungwa. Kugonga kulikuwa kumehama pamoja na diski. Kila pigo lilimpanda hadi kiwikoni. Kila mwanamume mwenye shati jeupe aliyepita nje alikuwa msimamizi, hadi alipogeuza uso. Fundi alifunga kioo cha mtumba. Kilikuwa na mkwaruzo pembeni.

“Kina kovu,” alisema. “Nani hana?”

Diski iliporudishwa, picha ilijifungua yenyewe: mlango wa dharura wa ghorofa ya pili, kufuli kwa nje, tarehe ya siku ya moto uliomuua dada. Mshonaji ndiye aliyeipiga, kutoka ngazini. Taarifa ya kiwanda ilisema mlango ulikuwa wazi. Moshi mwembamba ulitoka ukingoni mwa kioo, na fundi akaigeuza feni upande huo.

Kutoka ndani, dada aliuliza kama kufuli limetolewa.

“Bado,” mshonaji alimjibu. “Wameweka jipya.”

Hapo ndipo fundi alipoanza kukusanya bisibisi zake upesi. Hakuogopeshwa na sauti, wala moshi. Alikuwa amesoma jina la kiwanda juu ya mlango pichani, na mwenye kiwanda ndiye mwenye jengo alilopanga. Alipunguza bei nusu bila kuombwa, akamsihi aondoke.

Mshonaji alilipa, asiondoke. Alitaka nakala ibaki pale. Visingizio haviishi, alisema, na getini wanapekuliwa hadi viatuni. Kesho asubuhi, ofisi ya mkaguzi wa viwanda ikifunguliwa, angepita kuichukua na kuipeleka. Leo zamu yake ilikuwa ghorofa ya pili.

Fundi alisema ana watoto. Mshonaji alisema dada yake pia alikuwa nao, na sasa wanalala kwake, watatu kitanda kimoja.

King’ora cha zamu kililia. Fundi alinakili picha kwenye flashi, nayo ikaanza kugonga, taratibu zaidi. Aliiviringisha kwenye kitambaa, akaisukuma nyuma kabisa ya droo ya bisibisi. Barabarani wanawake walikuwa wakiharakisha, na mwisho wa barabara mlinzi alikuwa anapanda ngazi za nje za kiwanda kuelekea mlango wa dharura, ufunguo mkononi, kama kila siku.

Mshonaji alivaa mkoba begani, lakini hakuvuka kizingiti. Alimtazama fundi mpaka fundi akashindwa kutazama kwingine.

“Kesho saa tatu usipopita hapa,” fundi alimwambia, “naipeleka mimi mwenyewe, dada.”