Padri Mwenye Roho

Mwaka wa arobaini na saba, Bwana Harwell alikuwa akija kwa gari kutoka Kizingo, mtaa wa Wazungu, kutufundisha sisi walimu wa Mji wa Kale mashairi ya Waingereza wa miaka mia tatu nyuma. Moja lilimhusu padri anayegombana na nafsi yake, inayomjua Mungu na bado inamtaka Mungu atoe ushahidi. Ugomvi huo nimeujua tangu chuoni, nikisoma Kurani. Katika tafsiri yangu nikaandika "nafsi". Bwana Harwell akalikata neno kwa wino mwekundu.

"Nafsi ni ubinafsi. Andika roho. Kiswahili chenu hakina kina cha fikra hizi."

Nikamwambia roho ni amana ya Mungu, haigombani na mtu. Akaniamuru nikae.

Siku ya kufunga masomo alisimama mbele ya wazee wetu, akasoma tafsiri yake kwa madaha: "Alikuwa padri mwenye roho."

Mji wa Kale mzima unajua mwenye roho ni mlafi. Watu waliziba midomo kwa vilemba na buibui. Mimi sikuweza kucheka.

Nyanya yangu, Mwanakuu, akaniinamia. "Kwani huyo padri alikula nini?"

"Padri hakula kitu, nyanya. Huyu anayesoma ndiye aliyekula neno langu."